Batman Aliyechekesha na Hukumu za Miaka Hamsini

Jumatano ya tarehe 12 Januari 1966, saa moja na nusu usiku, kituo cha televisheni cha ABC nchini Marekani kilionyesha kwa mara ya kwanza kipindi cha nusu saa kuhusu mwanamume mwenye joho na barakoa ya masikio marefu. Katika kipindi hicho Batman anaingia kwenye ukumbi wa dansi, anaagiza juisi ya machungwa, analeweshwa kwa dawa iliyotiwa ndani yake, kisha anasimama katikati ya ukumbi na kuanza kucheza. Vidole viwili vya kila mkono vinapita mbele ya macho yake, kiuno kinayumba, na uso haubadiliki hata kidogo. Anacheza kama mtu anayetimiza wajibu.

Dansi hiyo iliitwa Batusi, kwa kufuata mtindo wa Watusi uliokuwa umewakolea vijana wa Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtindo wenyewe uliazima jina la Watutsi wa Rwanda na Burundi, ambao wachezaji wao walikuwa wameonekana katika filamu ya King Solomon's Mines ya mwaka 1950. Ngoma yao ya kifalme ya intore, yenye nidhamu na historia ndefu, ilifika Hollywood ikiwa imebaki jina tu.

Usiku ule wapo waliocheka mpaka machozi, na wapo waliochukia kuanzia dakika ya kwanza. Ugomvi kati ya makundi hayo mawili umeendelea kwa zaidi ya nusu karne, na wahakiki wamebadilisha hukumu yao zaidi ya mara moja. Kwa maoni yangu kipindi kile kilikuwa kazi ya ufundi mkubwa, na wengi waliokibeza hawakuwa wakikitazama. Walikuwa wakimlinda Batman mwingine, waliyembeba moyoni.

Batman wa kwanza alizaliwa mwaka 1939 katika Detective Comics namba 27, kwa mikono ya mchoraji Bob Kane na mwandishi Bill Finger. Alikuwa mtu wa giza na wa kisasi. Lakini kufika miaka ya 1950 alikuwa amekwenda mbali na asili hiyo: alisafiri kwenye sayari nyingine, akapigana na viumbe vya ajabu, na hata mbwa wake alivaa barakoa. Sehemu ya mabadiliko hayo ilitokana na hofu. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha Seduction of the Innocent, kitabu kilichovishutumu vitabu vya katuni kwa kuharibu watoto, na humo alidai kwamba maisha ya Batman na msaidizi wake Robin chini ya paa moja yalikuwa na harufu ya ushoga. Mwaka huohuo wachapishaji wa katuni walijiwekea kanuni kali za maadili, na hadithi zikawa laini kupita kiasi. Mauzo ya Batman yakadorora. Mwaka 1964 mhariri Julius Schwartz alikabidhiwa kazi ya kumfufua, na Kane mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wakati huo shujaa wake alikuwa karibu kufutwa.

Kwa hiyo mtu anayesema televisheni ilimchafua Batman aliyekuwa mzito na mwenye heshima anasahau mambo mengi. Hadithi ya kipindi cha kwanza ilichukuliwa kutoka toleo la Batman la mwaka 1965, likiwa na adui wake Riddler na mtego wa kumfikisha shujaa mahakamani. Kichekesho kilikuwemo kwenye karatasi tayari. Televisheni ilikisoma kwa sauti.

Dalili kwamba watu wazima wangecheka ilikuwa imeonekana pia. Mwaka 1965 kampuni ya Columbia ilirudisha kwenye majumba ya sinema mfululizo wake wa Batman wa mwaka 1943, sehemu zote zikiwa zimeunganishwa kwa saa kadhaa. Wanafunzi wa vyuo walijaa kuutazama, wakimzomea mhalifu na kumshangilia shujaa. Mfululizo huo ulikuwa umetengenezwa kwa uzito wote wa wakati wa vita. Miaka ishirini na miwili baadaye uzito huohuo ndio uliowavunja mbavu.

ABC, iliyokuwa ya tatu kati ya vituo vitatu vikubwa vya Marekani, ilimpa kazi mtayarishaji William Dozier. Huyu hakuwahi kusoma katuni za Batman. Alinunua matoleo kadhaa, akayasoma ndani ya ndege, na akaona aibu kushikwa nayo mkononi. Wazo lilimjia baadaye: hadithi hizi zichezwe kwa uaminifu na uzito uliopitiliza, ili mtoto aamini kila kitu na mzazi aliyekaa nyuma yake acheke. Mwandishi Lorenzo Semple Jr., aliyekuwa akiishi Hispania, ndiye aliyelipa wazo hilo sauti. Batman wake hakosei sarufi na hupima kila neno. Anafunga mkanda wa gari kabla ya kumfukuza mhalifu, na anamhimiza Robin kuzingatia masomo hata wanapokuwa wamefungwa kamba juu ya pipa la tindikali.

Majaribio ya kwanza yalikuwa ya kutisha. ABC iliwaonyesha watazamaji wa majaribio kipindi cha mwanzo, na alama walizokipa zilikuwa miongoni mwa za chini kabisa kituo kilizowahi kuona. Wakajaribu kubandika vicheko vya kurekodiwa, haikusaidia. Wakajaribu na mengine, yakashindikana vilevile. Lakini fedha zilikuwa zimeshatumika na ratiba ya Januari ilikuwa na mapengo, basi kipindi kikaenda hewani hivyohivyo. Kwa uzinduzi iliandaliwa tafrija New York, na wasanii Andy Warhol na Roy Lichtenstein walikuwa miongoni mwa wageni. Lichtenstein alikuwa amejipatia jina kwa kukuza vipande vya katuni mpaka vikajaza ukuta wa nyumba ya sanaa. Kuwaalika watu wa aina hiyo kulikuwa ujumbe kwa wahakiki: msikisome kipindi hiki kama kitu cha watoto.

Wahakiki waliuelewa ujumbe, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Jack Gould wa New York Times, mhakiki wa televisheni aliyesikilizwa kuliko wengi, alikiweka kipindi kwenye fungu la sanaa ya pop iliyokuwa ikitamba mjini. Wengine walishika kipimo cha mwandishi Susan Sontag. Mwaka 1964 Sontag alikuwa ameandika makala yake mashuhuri, "Notes on 'Camp'", kuhusu ladha ya kukipenda kitu kwa sababu kimepitiliza, kimejipamba mno, kimejichukulia kwa uzito kisioustahili. Katika makala hiyo alitofautisha kupitiliza kwa asili, ambako mtunzi hajui kama anachekesha, na kupitiliza kwa makusudi. La kwanza alilithamini zaidi. Kwa kipimo hicho Batman wa ABC alikuwa na hatia tangu mwanzo, kwa kuwa kila kitu ndani yake kilikuwa cha makusudi. Mhakiki aliyetaka kuonekana ameelimika alijikuta akiupenda mfululizo wa 1943, uliochekesha bila kujua, na kuudharau wa 1966 kwa kosa la kujua.

Kipimo hicho kilikuwa kizuri kwa makala ya Sontag na kibaya kwa kazi hii. Parodi ni sanaa ya makusudi. Huwezi kumlaumu mshairi wa majibizano kwa kuwa alipanga vina vyake.

Watazamaji hawakungoja hukumu ya magazeti. Kipindi kilionyeshwa mara mbili kwa wiki: Jumatano kiliishia shujaa akiwa kwenye mtego, na sauti ya msimuliaji, Dozier mwenyewe, ikawataka watu warudi kesho yake saa ileile, kituo kilekile. Alhamisi walirudi. Nchi nzima ikashikwa. Adam West, aliyemwigiza Batman, akatokea kwenye jalada la jarida la Life mwezi Machi. Matoleo ya katuni ya Batman yakafikia karibu nakala 900,000 kila moja, na Japani mchoraji Jiro Kuwata akaanza kuchora Batman wake kwa ajili ya wasomaji wa huko. Tarehe 16 Machi chombo cha anga cha Gemini 8, kikiwa na Neil Armstrong na David Scott, kilipoteza mwelekeo na kuanza kuzunguka kwa kasi ya hatari. ABC ilikatiza Batman kutangaza habari hiyo, na simu za malalamiko zikamiminika kutoka kwa watu waliotaka kuona shujaa anajinasuaje. Mwaka huo kipindi kiliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya vichekesho bora, na Frank Gorshin akateuliwa kwa uigizaji wake wa Riddler. Tuzo ya vichekesho ilikwenda kwa The Dick Van Dyke Show.

Nikae kidogo kwenye ufundi wenyewe, maana wahakiki wa siku zile waliupita haraka.

Chukua tukio la kupanda ukuta. Batman na Robin wanashika kamba na kupanda jengo hatua kwa hatua, wakizungumza kwa utulivu, mara dirisha linafunguka na mtu mashuhuri anachungulia: Jerry Lewis, Sammy Davis Jr., Edward G. Robinson. Ukuta huo ulilazwa sakafuni. Kamera ilipinduliwa ubavu, waigizaji wakatembea wameinama, na majoho yao yakavutwa nyuma kwa nyuzi ili yaonekane yananing'inia. Mtazamaji makini anaiona hila, na anatakiwa aione. Chekesho liko kwenye nyuso: hakuna hata mmoja anayekiri kwamba sakafu iko pale.

Au tazama maskani ya wahalifu. Kila tunapoingia humo picha inakwenda upogo, chumba kizima kimeinama. Batcave, maskani ya shujaa, imepigwa picha iliyonyooka, safi, kila mtambo una kibao cha maandishi kinachotaja jina lake. Maadili ya mji mzima yanaonekana kwa pembe ya kamera tu. Halafu ngumi zinapoanza, sauti za mapigo zinaandikwa kwenye skrini kwa herufi kubwa za rangi, kama kwenye ukurasa wa katuni, na tarumbeta za muziki wa Neal Hefti na Nelson Riddle zinajibu kila pigo. Msimu wa kwanza herufi hizo ziliwekwa juu ya picha ya waigizaji wanaopigana. Baadaye, kwa kubana matumizi, zikawa kadi za rangi tupu zilizochomekwa katikati, na pigano likapoteza nusu ya utamu wake.

Na juu ya yote yupo West. Gorshin anaruka na kucheka kama aliyepagawa. Burgess Meredith anakwaruza koo kwa sauti ya Penguin. Cesar Romero ni Joker aliyekataa kunyoa masharubu yake, yakapakwa rangi nyeupe pamoja na uso. Katikati ya watu hao West anasimama wima na kusema sentensi zake kwa vituo vya ajabu, kana kwamba anafikiri kila neno kabla ya kulitoa. Wengi walimwita mwigizaji mbovu. Angekonyeza jicho mara moja tu, jengo lote lingeanguka. Hakukonyeza.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msimu wa pili ulikuwa na vipindi 60 baada ya 34 vya msimu wa kwanza, na haikuwezekana kazi nyingi kiasi hicho ibaki na makali. Mitego ikarudiwa. Wageni mashuhuri wakapanga foleni kuwa wahalifu, wengine kwa sababu watoto au wajukuu wao waliwaomba. Waandishi wa habari waliokuwa wamepiga makofi mwezi Januari walianza kuchoka kufika vuli.

Vituo vingine vilikuwa vimeona mafanikio tu, havikuona sababu yake. Usiku mmoja, tarehe 9 Januari 1967, NBC ilizindua Captain Nice na CBS ikazindua Mr. Terrific, vyote viwili vikiwa vichekesho kuhusu watu wa kawaida wanaopata nguvu za ajabu. Cha kwanza kilikuwa cha Buck Henry, mmoja wa waandishi wawili walioanzisha kipindi cha vichekesho cha Get Smart, mtu asiyeshukiwa kwa ukosefu wa kipaji. Vyote viwili vilikufa mwaka huohuo. Mashujaa wao walijijua kwamba ni vichekesho, basi mtazamaji akakosa la kugundua. Dozier mwenyewe alikuwa amejaribu njia ya pili Septemba 1966 kwa The Green Hornet, iliyochezwa kwa uzito wa kweli, ikimleta Bruce Lee mbele ya Wamarekani kama Kato. Nayo iliishia vipindi 26. Wanaosema mafanikio ya Batman yalikuwa ya bahati wangeziangalia kwanza kazi hizo tatu.

Msimu wa tatu ulipunguzwa kuwa mara moja kwa wiki. Yvonne Craig aliingia kama Batgirl, na Eartha Kitt, mwanamke Mweusi, akachukua nafasi ya Catwoman iliyokuwa ya Julie Newmar. Ni mambo machache tu ya msimu ule yaliyodumu kuliko sauti ya Kitt, anayeburuza kila herufi r mpaka inakuwa mngurumo. Januari 1968, katika chakula cha mchana Ikulu ya Marekani, alizungumza waziwazi dhidi ya vita vya Vietnam mbele ya mke wa Rais Johnson, na kwa miaka mingi baadaye milango ya kazi nchini mwake ikafungwa. Kipindi nacho kilifungwa tarehe 14 Machi 1968, baada ya vipindi 120. Inasimuliwa kwamba NBC ilitaka kukichukua, ikakuta mapambo ya studio yamekwishabomolewa.

Kuanzia hapo hukumu iligeuka kuwa hasira. Hasira hiyo ilitoka hasa kwa wasomaji wa katuni waliokuwa watoto mwaka 1966 na sasa wakawa watu wazima wanaoona haya. Mmoja wao, Michael Uslan, ameeleza mara nyingi kwamba alikuwa na miaka 14 usiku wa kwanza, akaketi kwa hamu, kisha akaumia kuona dunia nzima inamcheka shujaa wake. Aliapa kumrudishia Batman heshima, na mwaka 1979 yeye na mwenzake Benjamin Melniker walinunua haki za kumtengenezea filamu. Kwenye katuni, mwandishi Denny O'Neil na mchoraji Neal Adams walikuwa wamekwishaanza kumrudisha gizani mwaka 1970. Frank Miller akakamilisha mwaka 1986 kwa The Dark Knight Returns, Batman mzee, mkatili, mwenye hasira. Kila sifa iliyotolewa kwa kazi hizo ilikuwa pia pigo kwa kipindi cha West: uzito ulisifiwa kwa sababu haukuwa kicheko kile. Ikawakera zaidi mashabiki kwamba wahariri wa magazeti, kila walipoandika kwamba katuni sasa ni za watu wazima, walipamba kichwa cha habari kwa milio ya ngumi ya mwaka 1966.

Mwaka 1988 Warner Bros. ilipotangaza kwamba Michael Keaton, aliyefahamika kwa vichekesho, ndiye atakayekuwa Batman katika filamu ya Tim Burton, maelfu ya barua za kupinga zilitumwa. Keaton alikuwa hajaigiza hata tukio moja. Waandishi wa barua zile walikuwa wakimpinga Adam West, miaka ishirini baada ya kuvua joho. Filamu ilipotoka mwaka 1989 ikavunja rekodi za mauzo, na West, aliyetamani kushirikishwa, akaachwa nje.

Nionavyo, miaka hiyo ndiyo mibaya kuliko yote katika historia ya hukumu hizi, kwa sababu mwigizaji alibebeshwa mzigo usio wake. Kwa miaka mingi West aliishi kwa kuhudhuria maonyesho ya magari na hafla ndogondogo akiwa na vazi la Batman, kwa kuwa waongozaji hawakuweza kumwona kama mtu mwingine. Waliomtendea haki mapema walikuwa watengenezaji wa katuni ya Batman: The Animated Series. Mwaka 1992 walimpa sauti ya Simon Trent, mwigizaji mzee aliyewahi kuwa shujaa wa televisheni na ambaye jina la shujaa huyo limemkosesha kazi. Katika hadithi hiyo Batman mwenye giza anakiri kwamba utotoni alimtazama shujaa wa Trent na kujifunza kwake. Kipindi hicho kinamheshimu West waziwazi, na kilitoka kwa mikono ya watu walioongoza upande wa giza.

Wasomi walifika wakati huohuo kwa njia nyingine. Kitabu cha The Many Lives of the Batman cha mwaka 1991, kilichohaririwa na Roberta Pearson na William Uricchio, kilibeba makala ya Andy Medhurst, aliyerudi kwenye shutuma za Wertham na kuuliza ni nani aliyekuwa na haja ya kumfanya Batman awe mwanamume mzito asiyecheka, na kwa nini kicheko cha 1966 kiliwatisha watu kiasi kile. Mwaka 2000 Will Brooker, katika Batman Unmasked, alionyesha kwamba Batman wa West ana haki sawa na wenzake katika historia ya mhusika huyu. Hata hivyo, magazetini jina la kipindi bado lilitumika kama tusi: Batman & Robin ya Joel Schumacher ilipotoka mwaka 1997 na kupondwa na wahakiki, wengi waliisema kwa kuilinganisha na televisheni ya West. Ulinganisho huo haukuwa wa haki. Filamu ile ilikuwa na rangi na mizaha, ikakosa uso usiokonyeza.

Mgogoro wa haki kati ya Fox, iliyokitengeneza, na Warner, mmiliki wa Batman, uliweka kipindi kabatini kwa miaka mingi bila kuuzwa kihalali kwa watazamaji wa nyumbani. Novemba 2014 hatimaye kikatoka kizima, picha zikiwa zimesafishwa. Wahakiki wa kizazi kipya, waliokulia kwenye filamu za giza zinazofuatana, walikitazama kwa macho mengine. Waliandika kuhusu rangi: zambarau ya suti ya Joker, kijani cha Riddler, wekundu wa simu ya Kamishna Gordon. Masharubu ya Romero chini ya rangi nyeupe yakaonekana wazi kuliko wakati wowote. West alifariki Juni 2017, na jiji la Los Angeles likamulika alama ya popo kwenye ukuta wa jengo lake kuu.

Semple hakuyaona yote hayo. Alifariki Machi 2014, karibu miezi minane kabla ya vipindi vyake kutoka upya. Baada ya Batman alikuwa ameshiriki kuandika filamu nzito zilizosifiwa sana, zikiwemo Papillon, The Parallax View na Three Days of the Condor, kazi ambazo mwandishi yeyote wa Hollywood angejivunia. Uzeeni, alipoulizwa kuhusu maisha yake ya uandishi, aliitaja Batman kuwa kazi yake bora kuliko zote.